Nusu ya Nini?

Mwanamke amefariki Msambweni. Hakujaaliwa mtoto, na baba yake alitangulia zamani. Ameacha mume, mama mzazi, na dada mmoja wa baba na mama. Mali yake ni minazi 24. Warithi wote ni Waislamu, na hakuna kati yao mwenye nia mbaya. Mume ambaye mkewe hakuacha mtoto ana nusu. Imo katika aya ya 12 ya Suratun Nisaa. Dada shakiki aliye peke yake naye ana nusu. Aya ya 176 ya sura hiyo hiyo. Mama ana thuluthi. Aya ya 11. Tukihesabu, mume minazi 12, dada minazi 12, mama minazi 8. Jumla ni 32, na shambani ipo 24.

Masala haya ni maarufu katika elimu ya faraidhi, na yana jina lake, al-mubahala. Jumuhuri ya wanazuoni huyatatua kwa njia ya auli, ambayo kwa mapokezi ilianza kutumika zama za khalifa Umar bin Khattab, ingawa Ibn Abbas aliipinga. Asili ya hesabu ni 6. Mume ana 3 katika 6, dada 3, mama 2, jumla 8. Basi asili hupandishwa kutoka 6 hadi 8, na kila mmoja hubaki na tarakimu yake juu ya 8. Mume anapata minazi 9, dada 9, mama 6. Hakuna aliyedhulumiwa na hakuna aya iliyoachwa. Lakini mume aliyeambiwa ana nusu ameondoka na sehemu tatu za nane.

Nimeanza na mirathi kwa sababu huku Kwale, kuanzia Tiwi na Diani hadi Gazi, Msambweni, Shimoni na Vanga, neno nusu liko kwenye mambo ya riziki kila siku: shamba la marehemu, samaki wa chombo, nyumba ya walioachana, kiwanja kilichouzwa. Hutajwa kana kwamba likishatamkwa maneno yamekwisha. Naona halimalizi kitu. Nusu ni dai kwanza, kipimo baadaye. Watu wengi wanaogombana juu ya nusu wameshakubaliana sehemu. Wasichokubaliana ni kitu kizima ambacho sehemu hiyo inatolewa. Na anayepewa nafasi ya kutaja kitu kizima ndiye anayegawa, hata kama mwenye kalamu ni mwingine.

Waingereza wana neno la nusu ambalo hata wao hulitumia kwa nadra: moiety. Mzizi wake ni Kilatini, medietas, yaani hali ya kuwa katikati, kutokana na medius. Likapita Kifaransa cha kale, ambacho hadi leo kina moitié kwa nusu ya kawaida kabisa. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, kisha kwa karne nyingi kikakaa katika mahakama zao. Wakulima na wachuuzi wakaendelea na neno lao la asili la Kigermaniki, half; wanasheria wakabaki na moiety. Ndiyo maana neno hilo hunukia hati. Lilipotajwa, mara nyingi lilihusu shamba lenye wamiliki wawili, kila mmoja na nusu yake, hata kama hakuna mpaka uliochorwa ardhini.

Mahakamani lilikuwa na maana ya nusu hasa, ila nje ya mahakama lililegea. Katika tamthilia ya Shakespeare ya Henry IV, sehemu ya kwanza, waasi watatu wanafungua ramani na kugawana nchi ambayo bado hawajaiteka. Hotspur anaitazama sehemu yake ya kaskazini, anaona mto Trent umepinda na kummegea ardhi, na analalamika kwamba moiety yake ni ndogo kuliko za wenzake. Wagawaji ni watatu, kwa hiyo alichokiita nusu ni theluthi. Marekani neno hilo lilifika pabaya zaidi. Maofisa wa forodha na watoa habari walikuwa na haki ya kupata fungu la faini na mali iliyokamatwa, na utaratibu huo uliitwa kwa jina hilo hilo. Kadiri faini ilivyokuwa kubwa ndivyo fungu lilivyonona, na wafanyabiashara wakakamuliwa hadi Bunge la Marekani lilipoufuta mwaka 1874.

Kiswahili nacho kina neno lake la nadra la nusu, nalo limezaliwa minazini: kizio. Nazi ikipasuliwa mara mbili, kila upande ni kizio. Vivyo hivyo chungwa. Si nusu ya kila kitu. Huwezi kusema kizio cha barabara wala kizio cha mshahara. Ni nusu ya kitu cha mviringo kilichokatwa, chenye mwenzake anayelingana naye ukivirudisha pamoja. Vitabu vya sayansi vimelichukua neno hilo na kulipa kazi nyingine, kwa hiyo mwanafunzi wa leo husoma kwamba mita ni kizio cha urefu. Nusu ya nazi imekuwa kipimo kizima. Thumuni ilisafiri njia ya aina hiyo. Kwa Kiarabu ni moja ya nane, na pwani ilikuwa thumuni ya reale, sawa na robo rupia. Rupia ilipogeuzwa kuwa shilingi mbili mwanzoni mwa miaka ya 1920, robo rupia ikawa senti 50. Wazee waliendelea kuiita thumuni ilhali mkononi ilikuwa nusu shilingi. Jina la sehemu hudumu. Kitu kizima hubadilishwa chini yake.

Wanaanthropolojia waliazima moiety kwa jambo lingine, jamii iliyogawanyika pande mbili, kila mtu akazaliwa upande mmoja. Mfano wa karibu nasi ni Mombasa, na Kwale imo katika mfano huo. Waswahili wa Mombasa walikuwa mataifa 12. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Waliobaki ni Tisa Taifa. Kwa idadi, tatu na tisa si nusu kwa nusu. Kwa siasa zilikuwa pande mbili zilizosimama ana kwa ana, kila moja na tamimu wake, yaani kiongozi wake. Nyuma ya Thelatha Taifa walikuwa Wadigo na Waduruma, washirika wao wa biashara na vita, na nyuma ya Tisa Taifa Wamijikenda wengi wa kaskazini. Upande haukupimwa kwa vichwa. Ulipimwa kwa haki ya kusikilizwa, na upande mdogo ulikuwa na neno lake zima.

Turudi shambani, maana huko ndiko maumivu yaliko.

Mdigo wa zamani alihesabiwa kwa mama. Ukoo wa upande wa mama, fuko, ndio uliobeba ardhi na majina ya wafu. Mtu akifa, mali yake ilielekea kwa ndugu zake wa tumbo moja na kwa wapwa, watoto wa dada, na mtoto wake mwenyewe alirithi kwa mjomba wake. Waduruma, majirani wa bara, walikwenda kwa njia mbili kwa pamoja: ukulume, upande wa baba, uliofuatwa na ardhi, na ukuche, upande wa mama, uliofuatwa na mali ya kuhamishika kama mifugo. Kila Mduruma alikuwa na nusu mbili za nasaba, na kila nusu ilikuwa na mali yake. Mpango huo una akili. Unajibu swali la kitu kizima kabla ya kifo: ng'ombe wana njia yao, shamba lina njia yake.

Wadigo waliposilimu kwa wingi, hasa mwanzoni mwa karne ya 20, walipokea sheria inayomrithisha mtoto na kumweka mpwa nyuma kabisa. Wakati wote wa ukoloni, mabaraza ya wazee na makadhi walivutana juu ya sheria ipi ishike shamba la marehemu. Wataalamu waliofika kuandika juu ya Wadigo, A. H. J. Prins katika miaka ya 1950 na Roger Gomm katika miaka ya 1970, waliikuta mivutano hiyo ikiwa hai. Mara nyingi husimuliwa kama vita kati ya mila na dini. Kwangu mimi, ugomvi mkubwa ulikuwa wa hesabu. Mtoto aliuliza, sehemu yangu ya mali ya baba iko wapi? Mpwa akajibu kwamba shamba halikuwa mali ya baba hata siku moja. Lilikuwa la fuko, na marehemu alilitunza tu. Wote wawili waliweza kuwa wakweli. Kadhi aliyegawa bila kuuliza kwanza kipi ni cha marehemu na kipi ni cha fuko alimpa mtu nusu ya kitu cha wenyewe.

Wazee waliona hatari hiyo na wakapata njia: hiba. Mtu akiwa na afya yake alipanda minazi, akawaita mashahidi, akawakabidhi wanawe miti hiyo palepale. Alipokufa, miti haikuwamo tena katika mali ya kugawanywa. Kisheria ni njia safi, kwa kuwa hiba haina ukomo ilimradi imekabidhiwa mtoaji akiwa hai na mzima. Wasia una ukomo wa thuluthi na haumfai mrithi bila ridhaa ya wenzake. Hiba iliyotolewa kitandani mwa mauti nayo huhesabiwa kama wasia. Lakini hiba ya minazi iliwezekana kwa sababu ya jambo moja ambalo sheria ya ardhi ya Kenya ilikuja kulimeza: pwani hii, mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe.

Jambo hili ndilo kiini cha mgao wa Kwale. Shamba moja linaweza kuwa na ardhi ya fuko, minazi ya mtoto, miembe aliyopanda babu zamani, na nyumba ya mtu anayelipa kodi ya kiwanja tu. Likoni na Mombasa nyumba bila ardhi ni kitu cha kawaida hadi leo. Kila safu ina mwenyewe. Mtu anaweza kuuza minazi akabaki na ardhi, au kuweka mnazi rehani, mkopeshaji akala nazi hadi deni lilipwe. Mkwezi na mgema humjua mwenye kila mnazi hata kama hakuna alama. David Parkin alionyesha katika kitabu chake cha 1972, Palms, Wine and Witnesses, kwamba kwa Wagiriama mambo ya minazi na ardhi yalisimama juu ya ushahidi wa wazee, na kwamba mwenye mashahidi ndiye mwenye mali. Huku kusini mambo yalifanana.

Kisha ikaja hati. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wa ukanda wa pwani wapeleke madai yao, na wengi wa vijijini hawakupeleka. Mwaka wa Uhuru, Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ilitoa maana ya ardhi, ikaingiza humo kila kinachoota juu yake pamoja na majengo. Kwa neno hilo mnazi ukaingia ndani ya ardhi kama ulivyo Uingereza. Upimaji na uamuzi wa haki chini ya sheria ya 1968 ulipofika vijijini, karani aliandika jina la mwenye kipande, na safu nyingine zikakosa mahali. Mwenye minazi juu ya kipande cha mwenzake hakunyang'anywa na mtu siku hiyo. Aliendelea kukwea na kuangua. Alijua alichopoteza miaka 20 baadaye, kipande kilipouzwa kwa mtu wa mbali, na mnunuzi akaonyesha hati isiyotaja mti.

Hati hiyo ina nafasi ya nusu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, iliyochukua nafasi ya ile ya 1963, inawaruhusu watu kumiliki kipande kwa hisa, kila mmoja na hisa yake isiyogawanywa, na akifa hisa hiyo huingia katika mirathi yake. Hiyo ndiyo moiety ya wanasheria, imevaa nguo ya Kenya. Ndugu wawili wenye nusu kila mmoja, bila mpaka, wana haki juu ya kila chembe ya mchanga wa shamba. Kwa familia inayopatana ni mpango mzuri, na unakaribia fuko kuliko watu wanavyodhani. Lakini Diani, ambako kipande cha ufuoni kina bei isiyolingana na kipande kilicho nyuma ya barabara, nusu isiyo na mpaka ni mlango wa balaa. Anayeuza hisa yake humwonyesha mnunuzi upande wa bahari. Wenzake hugundua kwamba nusu yao imebaki upande wa mawe.

Kwenye samaki mambo ni mepesi kueleza. Chombo kikirudi Gazi au Shimoni, fedha ya mauzo hugawanywa kati ya tajiri mwenye chombo na nyavu, na nahodha na mabaharia wake, kwa desturi ya bandari ile. Tuseme samaki wameuzwa shilingi 30,000, na mafuta na barafu vimekula 8,000. Makubaliano ni nusu kwa nusu. Gharama ikitolewa kwanza, kila upande una 11,000. Wakigawa kwanza na mafuta yakatolewa upande wa mabaharia, tajiri ana 15,000 na watu wote waliokesha baharini wana 7,000. Maneno ni yale yale. Kijana anayeingia chomboni huuliza ni nusu ngapi. Ingemfaa aulize mafuta yanatoka wapi.

Ndoa ina ugumu wa namna hiyo. Katiba ya 2010, ibara ya 45, inawapa mume na mke haki sawa ndoa inapofungwa, inapoendelea na inapovunjika. Wanawake wengi waliisoma kama ahadi ya nusu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikasema umiliki hufuata mchango, na mchango si fedha tu: kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kilimo cha shamba la familia na usimamizi wa biashara ya familia vyote vimo. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba usawa huo haumaanishi kugawa nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Naiheshimu hoja ya mahakama, na nahofia utekelezaji wake vijijini. Mama wa Lunga Lunga aliyelima miaka 30 hana risiti ya jembe. Mashahidi wake ni majirani, na mahakama yetu imezoea karatasi. Waislamu, kwa kifungu cha 3 cha sheria hiyo hiyo, wanaweza kufuata sheria ya Kiislamu, ambayo humtambua mke kuwa mwenye mali yake mwenyewe tangu mwanzo. Ni ulinzi mkubwa, iwapo kilicho chake kimejulikana kuwa chake.

Mara nyingi mjadala wa mirathi huku kwetu huishia kwenye sehemu ya binti, nusu ya ile ya kaka yake, na wanaobishana hukaa hapo. Nimeona, na kila mtu wa Kwale ameona, kwamba binti wengi hawafiki hata kwenye hiyo. Hawapati kitu, kwa sababu mali haikuhesabiwa. Shamba bado liko kwa jina la babu. Kaka mkubwa analima, anauza kipande kidogo kidogo kwa makubaliano ya karatasi, na dada zake walioolewa Ukunda na Mombasa husikia baada ya ukuta kujengwa. Faraidhi haikumnyima dada huyo. Ingemfikia, ingempa. Aliyemnyima ni yule aliyeiacha mali bila kuitaja. Yapo pia yanayotoka kabla ya mgao: gharama za maziko, madeni, wasia usiozidi thuluthi. Mahari ambayo mume hakuyamaliza ni deni, na mjane ana haki ya kulipwa kabla ya kupewa thumuni yake. Wajane wangapi wameambiwa hivyo?

Tangu marekebisho ya 1990, mirathi ya Waislamu imeondolewa katika Sheria ya Urithi ya 1972, na ibara ya 170 ya Katiba inampa kadhi mamlaka pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Wasio Waislamu, ambao Kwale ni wengi hasa kuelekea Kinango, wako chini ya sheria ya 1972 inayowapa watoto wote sehemu sawa, wa kike kwa wa kiume. Katika mahakama ya hakimu, safari huanza na barua ya chifu inayotaja warithi, ikifuatwa na hati ya kiapo inayoorodhesha mali na madeni. Kisha ombi hutangazwa katika Gazeti la Serikali na watu hupewa siku 30 za kupinga. Watu huvaa vizuri na kuja siku ya hukumu. Siku iliyo nzito zaidi ni ile ya barua ya chifu, ambayo jina likikosekana halirudi kwa urahisi, na ile ya orodha ya mali. Hapo, kabla ya hakimu au kadhi kutaja sehemu yoyote, ndipo dada anapopaswa kuomba aonyeshwe karatasi, aangalie kama jina lake limo, kama shamba la Gazi limeandikwa, na kama minazi aliyopanda mama yake juu ya shamba hilo imehesabiwa kuwa ya mama au imeingizwa kimyakimya katika mali ya baba.